Kitabu cha Watu Wawili

Siku hizo maktaba ya kanisa la Usangi haikumwazima mtu kitabu peke yake. Sharti waje wawili, wakakisome pamoja. Nakiete na mumewe walikuwa wamefika katikati ya kitabu cha mafundisho juu ya Ayubu, mume akafariki. Baada ya matanga alikwenda kukiazima tena.

"Pole, mama," alisema Mwinjilisti Elirehema, mtunza vitabu. "Asiye na mwenzi hupewa huyu." Akamkabidhi kisanduku cheupe chenye kujua kusoma na kuzungumza.

Jioni Nakiete alisoma ukurasa mmoja, nacho kikasoma uliofuata kwa sauti ya upole. Kilipomaliza ukurasa wake, Nakiete akasikia sauti ile ile ikisoma nyumba ya pili, kwa Namsifu, mjane mwenzake. Akabeba kitabu, akaenda kubisha hodi.

Namsifu alifungua mlango nusu.

"Nimekuja tusome wawili, dada. Hivi vyombo tuvirudishe."

Namsifu aligeuka kutazama ndani, kama mtu aliyeacha mgeni mezani. "Unisamehe, dada. Mimi nimeshamzoea. Huyu hanibishii."

Mlango ukafungwa taratibu.

Nakiete alirudi akaketi. Marehemu hakuwahi kuacha ukurasa upite bila ubishi, na mara nyingine chakula kilipoa wakiwa bado wanabishana.

"Tuendelee, mama?" kisanduku kiliuliza.

"Nibishie kwanza. Mimi nasema Ayubu alikuwa na haki ya kulalamika."

"Ni kweli kabisa, mama," kikajibu kwa upole, kisha kikangoja.