Wageni wa Dohani Baridi

Wageni walipoanza kulia sebuleni, Mama alikuwa bado chumbani, anahangaika na kilemba chake cheusi. Wifi yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alikaa ukingoni mwa kitanda akisubiri zamu yake ya kuomboleza.

“Wamefika kwenye kiti,” Shangazi akasema, sikio mlangoni. “Harakisha, wifi. Leo wanalia mapema.”

Ndivyo zilivyokuwa Jumamosi zote tangu kitabu cha mwanawe Mama kipate tuzo na wasomaji waanze kulipia kuja kuiona nyumba hii. Kiliitwa Dohani Baridi, nacho kilikuwa picha tupu mwanzo hadi mwisho, na maneno machache ndani ya viputo. Shangazi alikiita katuni. Mchoraji alikiita riwaya ya michoro, na kila alipomrekebisha shangazi yake sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. Kilisimulia kiwanda cha nguo kilivyofungwa, mji ulivyokauka, na fundi wa mashine aliyekaa dirishani akiitazama dohani isiyotoa moshi mpaka moyo wake ukasimama. Mkewe, humo kitabuni, hasemi tena neno hata moja.

Mama hakuwahi kunyamaza kutwa nzima maishani mwake. Jumamosi alijikaza, kwa sababu mwanawe alimwomba.

Fundi wa kitabuni alikuwa mrefu, mabega mapana, macho yamejaa huruma. Mama alipomwona mara ya kwanza alisema mwanamume kama huyo angeolewa naye hata leo. Shangazi alichorwa shingo nene, na hakuwa amesamehe.

Mji, kwa upande wake, ulikuwa umefufuka. Aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda aliuza fulana zenye picha ya dohani. Kinyozi alinyoa watu kwa mtindo wa marehemu. Kila mwanamume wa mtaa ule alidai kwamba alibeba jeneza, na kwa wingi wao jeneza hilo lilipaswa kuwa refu kama behewa la treni.

Sebuleni, mwongoza wageni alikuwa amepamba moto. Alikuwa mzee mfupi mwenye kipara, aliyemalizia ujana wake kiwandani, na tangu apate kazi hii shati lake halikukosa pasi.

“Hapa ndipo alipokata roho,” alikuwa akisema, mkono juu ya kiti. “Marehemu hakuwa mtu wa makuu. Lakini mashine ikigoma, mabosi wenyewe walimfuata nyumbani wamevua kofia.”

Mama akaguna kule chumbani. “Wiki iliyopita hawakuvua kofia.”

“Marehemu anaongezewa wema kila Jumamosi,” Shangazi akasema. “Mwisho wa mwaka atakuwa malaika.”

Mama akatoka, akaketi mahali pake, akainamisha kichwa. Simu zikainuliwa kumpiga picha. Ukumbini Shangazi akaangua kilio kirefu chenye kona nyingi. Mchoraji alisimama ukutani na mtengeneza filamu aliyekuja naye kutoka mji mkuu, mwanamke aliyemkagua Mama kama mtu anayechagua kitambaa cha pazia.

Ndipo binti mmoja akatoka katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya Mama.

“Mama, shikamoo. Mimi nimemzika baba mwezi uliopita. Kitabu hiki nimekisoma mpaka kurasa zimeachia. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Maumivu yanapungua?”

Mama akamtazama. Macho ya binti yalikuwa yamevimba kuvimba kwa kweli.

“Sijui, mwanangu,” akasema.

Wageni wakashusha pumzi kama waliosikia hekima. Mtengeneza filamu akamnong'oneza mchoraji kwamba jibu hilo liingie kwenye filamu lilivyo. Mama akainuka, akaenda jikoni. Mwanawe akamfuata.

“Mama, mjane wa kitabu hasemi. Tulikubaliana.”

“Yule mtoto ameniuliza swali la kweli.”

“Na umemjibu vizuri sana.”

“Nimemjibu hivyo kwa sababu sijui.”

Mchoraji akausukuma mlango kwa mgongo ukajifunga. “Kwani humu hamkuwa na msiba? Kiwanda kilipofungwa Baba alikaa pale dirishani miezi, haogi, hasemi na mtu. Niliona kwa macho yangu.”

“Basi ungechora hicho.”

“Nilikichora. Wachapishaji wakanirudishia. Walisema hakuna anayelilia kiwanda.”

Mama akafungua bomba, akanawa uso, akajifuta kwa ncha ya kilemba. “Yule binti anatumia machozi yake kwetu, na ana wake wa kumlilia.”

“Ukiharibu leo, mtaa mzima utarudi kulala njaa. Muulize kinyozi. Muulize Shangazi.”

“Nitawauliza baadaye,” Mama akasema, akampita.

Mwongoza wageni alikuwa amefika kwenye pumzi ya mwisho. Kifua amekishika, sauti imemkatika, machozi yanamteremka hadi kwenye kola. Kipande hiki alikilia kwa dhati kila wiki, na wageni walikuwa wakimpigapiga mgongoni kumtuliza. Binti alikuwa bado chini, uso ndani ya viganja. Mama akamshika mkono, akamwinua.

“Mume wangu usimlilie, mwanangu. Mlilie baba yako.”

Ukumbini Shangazi akakata kilio katikati.

“Mama, tafadhali,” mchoraji akasema kutoka mlangoni.

Mama hakugeuka. Alikuwa akimtazama mwongoza wageni, aliyekuwa bado ameshika kifua.

“Na wewe, mume wangu,” akamwambia, “hebu acha kufa kidogo, uje umpe pole mtoto wa watu.”