Yai la Mti

Kuku akatetea nyuma ya kichuguu, na wote wakageuka.

Tangu asubuhi wakata miti walikuwa wakisaka yai. Hakuna mtu wa kabila la Waasante anayethubutu kuangusha mti mkubwa kabla ya kuuvunjia yai la kuuomba radhi, lililotagwa kijijini hapo, na huu waliokuja kuukata ndio mti mkubwa pekee uliosalia. Lakini wanawake, wakiongozwa na Bibi Serwaa, walikuwa wameshachemsha mayai yote ili kuunusuru, wakayala na viazi vikuu.

"Bibi, tumekushinda!" akacheka mwenye msumeno.

Serwaa, na uzee wake wote, alifika kiotani kwanza. Yai lilikuwa bado la moto, kinyoya kimenata juu yake.

Mwenye msumeno alipomfikia, Serwaa akaligonga kwenye msumeno wake, akalimeza bichi.

"Kuku naye namchinja sasa hivi, wanangu," akasema, akijifuta kidevu. "Karibuni mchuzi."