Nakala ya Alhamisi

Nassibu aliichomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena kwenye kompyuta. Tupu. Hakukuwa na faili hata moja la kusingizia.

Nyuma yake duka zima la vitambaa la Mzee Ubeid lilikuwa limesimama. Asubuhi ile umeme wa Kariakoo ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaondoka na fayawoli, kile kisanduku cha ukutani kinachoamua nani aingie na nani asiingie kwenye mtandao wa duka. Stoo ya Buguruni haikuonekana tena kwenye kompyuta, tawi la Mchikichini nalo kimya, na wateja waliotoka Songea walikuwa wamekalia majora ya vitenge wakijipepea kwa maboksi.

Kisanduku kipya kilishafungwa. Kilichobaki ni kukirudishia mipangilio ya kile kilichoungua, kazi nyepesi kabisa, mradi nakala yake ipo. Na kuhifadhi nakala hiyo ndiyo kazi iliyomleta Nassibu dukani hapa kila Alhamisi.

Sasa hapo ndipo penye aibu. Kuhifadhi nakala ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Nassibu aliifanya kazi hiyo kuanzia swala ya adhuhuri mpaka alasiri, kwa sababu kompyuta ya kusimamia kisanduku ilikaa mezani kwa Amira, binti wa Mzee Ubeid, mshika hesabu wa duka. Fundi gani mwenye akili timamu angebonyeza kitufe na kuyaacha macho yale?

Basi alikuwa akifungua ukurasa, anakunja uso, anasogeza kipanya huku na huku.

"Bado?" Amira aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado kidogo. Hii kitu haitaki haraka."

"Basi usiharakishe."

Wakaendelea na stori zao: mpira, maji yaliyojaa Jangwani, na kama kweli samaki wa kupaka wa Kilwa anamshinda wa Dar. Kitufe Nassibu alikiacha cha mwisho, maana kikishabonyezwa, kazi imekwisha na fundi hana tena sababu ya kukaa.

Mzee Ubeid mwenyewe alikaa kiti cha mlangoni na tasbihi yake, na Nassibu alimwogopa kwelikweli. Ndiye aliyempigia simu kila Alhamisi: "Kijana, njoo uhifadhi." Ndiye aliyeagiza kahawa na halua viletwe mezani. Kisha akaanza kumhoji.

"Wazee wako wapo?"

"Wapo Kilwa, mzee. Hapa mjini nina baba mdogo, Buguruni."

"Buguruni sehemu gani?"

"Nyuma ya sheli."

"Mh. Kunywa kahawa, mwanangu. Yule Zakayo, fundi wangu wa kabla yako, kikombe chetu hakuwahi kukimaliza."

Nassibu alidhani anasifiwa utulivu wa kazi. Hayo maswali ya Buguruni ndiyo yaliyomtoa jasho. Aliamini mzee anataka kujua pa kumkamatia mambo yakiharibika. Na siku ya kwanza kabisa alishamwonya: "Kisanduku kikifa na nakala huna, mlango huu usiukanyage tena."

Kazi za ufundi Kariakoo hazikosekani. Kilichomuuma Nassibu ni huo mlango. Nje ya duka hili hakuwa na njia ya heshima ya kukaa meza moja na Amira, na maneno aliyopanga kumwambia alikuwa akiyaahirisha kila wiki hadi Alhamisi ijayo. Alimpenda, na sasa alikuwa anakwenda kumkosa kwa ajili ya kitufe.

Alipofikiri vizuri, aliiona ajali yote. Kila Alhamisi adhana ya alasiri ilimkuta kabla hajabonyeza. Mzee alisimama, naye kwa adabu akasimama, akafunga ukurasa, wakafuatana msikitini. Hakuwahi kuhifadhi chochote.

"Vipi?" Amira alinong'ona.

"Haimo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Amira alijiziba uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Nassibu alishindwa kujua kama analia au anacheka, na hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Mzee Ubeid aliinuka mlangoni, akaja taratibu mpaka mezani.

"Kijana, wateja wananingoja. Nakala iko wapi?"

Nassibu alisimama. Alifikiria kuusingizia umeme, kisha akaona haya. "Nisamehe, mzee. Sina. Sikuwahi kubonyeza."

"Hukuwahi! Sasa Alhamisi zote hizo ulikuwa unafanya nini hapa?"

Nassibu aliangalia sakafu. Halafu, bila kukusudia, akamwangalia Amira, na alipogundua amefanya hivyo alitamani sakafu immeze.

Mzee alishusha pumzi ndefu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa tasbihi, akatoa funguo za duka, na mwisho kabisa akatoa flashi nyekundu, akaiweka mezani.

"Zakayo alinifundisha kabla hajahamia Dodoma," alisema. "Kitufe kimoja. Huwa nabonyeza mwenyewe kila Alhamisi asubuhi, nikishamaliza ndipo nakupigia simu uje."

Akavuta kiti, akaketi, akamimina kikombe cha kahawa na kumsogezea Nassibu.

"Sasa huyo baba yako mdogo wa Buguruni analeta posa lini, au na yeye hataki haraka?"