Miayo ya Masoud

Masoud aligawiwa karata, akapata ree tatu, akapiga miayo kama aliyepewa takataka. Cherehani ya mkewe ilikuwa mezani, ndiyo dau lake. Angeongeza dau kidogo tu, mpinzani wake Kibwana angejitoa. Lakini alitaka Kibwana anogewe, aweke na baiskeli yake.

"Unaongeza, shehe?"

"Kwa karata hizi? Wewe okota ya mwisho tu, bwana."

Kibwana akabaki mchezoni bila kulipa zaidi, akaokota karata ya mwisho. Akatandaza kopa tano, ambazo hushinda ree tatu.

"Pole, ndugu yangu. Umezilalia karata zako mwenyewe."

Masoud aliingia nyumbani akipiga miayo, safari hii ya uchovu wa kweli. Mkewe hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona sare za watu kwa mkono.