Shangwe za Visu

Kila Wahispania waliposhinda, Wakuba wa kiwanda cha biri walishangilia.

Jambo hilo lilimkosesha raha Inspekta Baldomero Quiroga wa polisi ya Havana. Angewaelewa kama wangenuna. Ndugu zao ndio walioingia msituni na mapanga kupigana na Hispania, baada ya kuchoshwa na kodi za kila kitu mpaka unga, na magavana wanaoshuka melini leo na kutoa amri kesho. Iweje basi washangilie?

Kila asubuhi msomaji wa kiwanda, Leoncio Aldama, alipanda kwenye kiti chake kirefu, akafungua gazeti la serikali na kuwasomea watu mia mbili waliokuwa wakisokota tumbaku. Alipofika penye "majeshi yetu matukufu yamepata ushindi", watu waligonga meza kwa visu vyao vya kukatia majani. Ko-ko-ko-ko! Ndivyo wanavyopiga makofi watu ambao mikono yao ina kazi.

Inspekta hakuwa mtu wa kudanganywa kwa makofi. Alijua kuna alama ya siri wanapeana, na alijua nani anaitoa. Alikuja kukaa chini ya kiti cha Leoncio na nakala yake mwenyewe ya gazeti, akamfuatisha kwa kidole neno kwa neno.

"Ushindi Camagüey!" alisoma Leoncio. "Waasi mia moja wameuawa. Kwa upande wetu amejeruhiwa mmoja."

Hakuongeza hata nukta. Visu viligonga kidogo, kwa adabu.

"Maskini huyo mmoja," alisema Mama Tecla, mama mkwe wa Leoncio, aliyekuwa akichambua majani karibu na dirisha. "Kila vita anajeruhiwa yeye tu!"

Watu walicheka. Inspekta alifungua daftari lake akaandika: Camagüey. Kicheko.

Wiki iliyofuata ushindi ulikuwa Santa Clara, na visu viligonga mpaka vumbi la tumbaku likaruka.

"Mbona mnafurahi hivyo?" aliuliza Inspekta.

"Tusifurahie ushindi wa Mfalme, bwana mkubwa?" alijibu Leoncio. "Tukinyamaza si mtatufunga?"

"Nisikilize vizuri. Alama yako nitaipata. Meli ya Jumamosi ya wiki ijayo inapitia bandari ya Cádiz kule Hispania, halafu inakwenda kwenye kile kisiwa cha wafungwa, pwani ya Afrika. Unamjua yeyote aliyerudi kutoka kule?"

Leoncio alilikunja gazeti. Nyumbani alikuwa na mke, na mtoto wa wiki tatu ambaye bado hajapewa jina. Mama Tecla aliinama akapangusa dirisha. Siku hizo upepo ulikuwa ukileta majivu ya mashamba ya miwa yaliyochomwa na waasi, ukipangusa asubuhi, mchana yamerudi.

Jumatatu Inspekta alimshusha Leoncio kitini, akampandisha koplo wake, Mhispania wa Galicia anayesoma kama anayetangaza msiba.

"Ushindi. Colón," alisoma koplo.

Visu vilinguruma.

"Colón!" alisema Mama Tecla. "Marehemu mume wangu alikuwa akienda kule kwa treni Jumamosi, Jumapili yuko mezani ananilalamikia chumvi."

Jumatano Inspekta alikusanya visu vyote. Koplo alisoma ushindi wa Jovellanos, na watu wakagonga meza kwa viganja.

"Amekwisha kuwafundisha huyu," alisema Inspekta, na Alhamisi alimweka Leoncio rumande, akatia sahihi hati ya kumsafirisha. Nafasi ya kosa aliiacha wazi. Alisema ataijaza kabla ya meli kung'oa nanga, alipate, asilipate.

Juu ya meza yake kulikuwa na barua ya mkewe, Remedios, kutoka Cádiz. Amekwisha kuuza vyombo. Mwezi ujao atapanda meli kuja Havana pamoja na mabinti wao wawili, kwa sababu magazeti ya Cádiz yanasema vita vinakaribia kwisha. Inspekta mwenyewe alikuwa amemwandikia hivyo hivyo.

Ijumaa ushindi ulikuwa Güines.

Kiwanda kizima kilisimama. Watu walikumbatiana. Mama Tecla alilia wazi wazi, akijifuta kwa jani la tumbaku.

Inspekta alirudi ofisini karibu anakimbia. Alitundika ramani ya Kuba ukutani, akafungua daftari lake, na kila mji ulioshangiliwa akauchomea pini, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Safari hii hawaponi. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu atazame.

Alizifuatisha pini kwa kidole, kutoka Camagüey kule mashariki, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikakaribia Havana. Kisha aliona majivu kwenye mkono wa koti lake jeupe, akayanusa.

"Umeipata alama, Inspekta?" aliuliza koplo.

"Nimeipata."

Alifunga mlango, akaketi, akaandika. Alipotoka alimkabidhi koplo bahasha.

"Hii iondoke na meli ya kesho, lazima."

"Ndiyo ile hati ya msomaji?"

Inspekta alikwisha kumpa mgongo.

Jumamosi Mama Tecla alikuwa gatini tangu alfajiri, na blanketi na kifurushi cha viazi vitamu kwa ajili ya mkwe wake. Wafungwa walipandishwa mmoja mmoja, naye aliwatazama usoni wote. Meli iling'oa nanga. Leoncio hakuwemo.

Ndani ya mfuko wa barua mlikuwa na bahasha ya kwenda Cádiz. "Remedios, usije, wala usiwalete watoto," Inspekta alikuwa ameandika. "Leo tumeshinda tena, na safari hii tumeshinda Güines. Kutoka huko mpaka mlangoni kwangu, kwa farasi, ni asubuhi moja tu."