Nipe Mji

Siku hizi filamu humsoma mtazamaji machoni, ikageuza mwisho wake ili asilie. Zile za zamani za utepe ziliamriwa zichomwe. Bi Mwanaidi alibakisha moja, ya Nahodha Zuhura, shujaa wa katuni aliyeruka mwezini, akaionyesha sebuleni kwenye shuka lililotundikwa.

"Bibi, mbona amekufa?" mjukuu wake akaangua kilio. "Kwangu huwa anapona!"

"Huyu hakuulizi wewe, mwanangu."

Ukuta, uliotegwa masikio ya serikali, ukasikia kilio, ukashtaki. Mara mkaguzi akabisha hodi.

"Shikamoo, Bibi. Nimefuata utepe."

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega," akajibu, mazoea yakimtangulia.

"Nimemzika mara mia, na kesho atakufa vilevile."

Akakuna kichwa, akashindwa.

"Nipe mji!"

"Chukua Tanga hii hii."

"Nilikwenda Tanga, nikakuta utepe hauchomwi. Jibu ni Nahodha. Keti, baba, umwone."

Mkaguzi akaketi. Nahodha alipokufa tena, machozi yalimtoka, na ukuta ukamshtaki na yeye.

Bi Mwanaidi akatia komeo mlangoni kuwachelewesha wakaguzi wengine, akaurudisha utepe mwanzo.