Maziwa ya Riziki

Siku hizi kila mtu husomewa habari na ukuta wa nyumba yake, kwa sauti ya yule anayemwamini kuliko wote. Salha husomewa na marehemu mama yake.

“Mwanangu, jirani yako Riziki anatia sumu kwenye maziwa anayouza.”

Mumewe, Hamdani, alisomewa vivyo hivyo, akashika rungu. “Leo atanitambua.”

“Debe tupu wewe, huachi kuvuma,” Salha alimbeza. “Nani kaumwa? Umeuliza?”

Akaenda mwenyewe. Alimkuta Riziki akiwanywesha wanawe maziwa yale yale. Akanywa naye, akarudi nyumbani na kikombe cha maziwa kwa ajili ya binti yake, Nasra.

Nasra akafumba mdomo. “Umenikataza mwenyewe, mama,” akasema, akiuonyesha ukuta.